Fomu Isiyo na Shemeji

4 Februari

Shemeji wa Chini,

Za siku nyingi? Goti linasemaje? Mimi huku ni mzima, chai nakunywa, chakula kinapita, masikio ndiyo yale yale. Juzi ulivyopiga simu tulipoteza dakika kumi nzima, wewe "unasemaje?", mimi "hebu rudia!", mpaka watu kwenye duka la mikate wakadhani tunagombana. Miaka thelathini ya kukaa kando ya mota za lifti imetumaliza. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Karatasi haihitaji masikio.

Haya, tuingie kazini. Unastaafu mwisho wa Juni. Chumba cha pili kipo, kina kitanda na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, usije ukasema sikukwambia. Kilichobaki ni visa, na visa si moja. Ukienda ubalozini ukasema "naomba visa" watakupa ya mtalii: siku tisini, halafu wanakuonyesha mlango. Unayotaka wewe ni ya kukaa. Mimi nina ya mstaafu. Unapeleka barua ya pensheni, bima ya afya na cheti cha polisi kwamba hujawahi kuiba kuku, wanakupa mwaka mmoja, na kila Oktoba unaomba upya. Masharti ni mawili: usifanye kazi yoyote, hata ya bure, na uwe mtu wa kujimudu mwenyewe.

Hilo la kazi ndilo linanitesa. Nakaa ghorofa ya nne. Lifti ya humu reli zake ni kavu, ikifika ya tatu inalia mpaka meno yanauma. Wiki iliyopita nilishuka nayo nikiwa na kopo la grisi mfukoni, nikarudi nalo. Nilimwogopa nani, sijui. Humu ndani hakuna anayenisemesha. Jirani wa mlango wa pili ananitingishia kichwa tu asubuhi, basi, mpaka kesho tena.

Nyumba hii tuliichagua na marehemu dada yako kwa ajili ya kifua chake, maana hewa ya huku ni nyepesi. Hakuwahi kuiona. Tuyaache hayo.

Nitumie nakala ya barua yako ya pensheni niione. Mtu aliyezoea kuwa juu ya paa la lifti akipiga kelele, halafu chini hakuna wa kumjibu, hayo si maisha.

Wako,
Shemeji wa Juu


21 Februari

Shemeji wa Juu,

Shikamoo. Najua shemeji haamkiwi hivyo, lakini kwa kuwa umestaafu umeshakuwa mzee, ipokee tu. Goti langu ni zima kuliko lako. Nyumba yako bado imesimama. Bomba la jikoni nimelibadilisha, mlango wa uani umevimba kwa mvua, naufunga kwa bega.

Kazini wameanza kunihesabia siku. Wamenikalisha ofisini nisaini vitabu vya ukaguzi, kwenye shimo la lifti siendi tena. Nilidhani nitafurahi.

Barua ya pensheni hiyo hapo nimeiweka. Nakwambia mapema, haifiki. Kiwango wanachotaka wenzako mimi sikifikii hata nikipanda ngazi. Unakumbuka ile miaka minne niliyoacha kazi nikamuuguza mama? Haikuhesabiwa. Mama alikuwa mgonjwa kitandani, mimi namgeuza usiku na mchana, ila kwenye mafaili nilikuwa mzururaji tu.

Lakini nimesoma zile karatasi za ubalozini, kuna visa ya familia ya mkaazi. Wewe si mkaazi? Na mimi si familia yako? Waulize. Mdomo unao, tatizo lako ni masikio.

Wako,
Shemeji wa Chini


14 Machi

Shemeji wa Chini,

Hujambo wewe mzururaji? Kwangu si haba. Nimepata mafua, nimeyaugua peke yangu, yakachoka yakaenda zake.

Jumanne nilipanga foleni uhamiaji tangu wanafungua mlango. Dirisha namba sita kuna mama mmoja nimempa jina la Mama Muhuri, kwa sababu haongei, anagonga tu. Nikamwambia naomba fomu ya familia, namleta ndugu yangu. Akanisukumia. Nikakaa kwenye benchi na kalamu yangu. Shemeji, ile fomu ina visanduku: mume, mke, mtoto, mzazi, kaka au dada wa kuzaliwa naye. Nikaigeuza nyuma, nikarudi mbele. Shemeji hakuna.

Nikamrudia. "Mama, ndugu yangu huyu namweka wapi?"

"Ni nani kwako?"

"Mdogo wake mke wangu."

"Mkeo yuko wapi?"

"Amefariki."

Akanipa pole, na pole yenyewe aliisema vizuri, sina la kumlaumu. Kisha akasema, "Basi huyo si ndugu yako tena." Nikamwambia tumefanya kazi pamoja miaka thelathini, amekula kwangu kuliko alivyokula kwake. Akaniambia huyo ni mfanyakazi mwenzangu, na kisanduku cha mfanyakazi mwenza pia hakuna. Mtu wa nyuma yangu akaanza kukohoa ile ya kuniambia niondoke. Nikaondoka. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, maana ningefanya nini kingine.

Zimebaki mbili. Ya kwanza ni ya matembezi marefu: unakaa miezi sita, unatoka miezi sita, ndivyo hivyo mpaka ufe. Ya pili ni ya mwangalizi, yaani mtu anayekuja kumtunza asiyejiweza. Hiyo daktari anaandika kwamba mimi siwezi hata kuvaa suruali. Tuiache. Suruali navaa mwenyewe tangu nina miaka mitatu.

Fikiria wewe. Mimi kichwa kimechoka.

Wako,
Shemeji wa Juu


2 Aprili

Shemeji wa Juu,

Mafua pole. Ulikunywa kitu cha moto, au ulikaa unayatazama tu kama kawaida yako?

Suala la suruali: ni kweli unavaa, ila mkanda unaruka vishikizo viwili vya suruali nyuma kila siku ya Mungu, na dada ndiye aliyekuwa anakurekebisha mlangoni. Huo ni ugonjwa tosha, daktari yeyote atasaini.

Ile ya miezi sita siitaki. Nikishalizoea godoro ndiyo natoka? Hapana. Kama ni kukaa, tukae. Mimi naona ya mwangalizi ndiyo sahihi. Kwani ni uongo? Una miaka sitini na saba, unasikia nusu ya maneno, jikoni unajua chai tu. Nenda kwa daktari ukaseme hujiwezi. Si ndilo swali? Nije kwa hiyo? Jibu.

Wako,
Shemeji wa Chini


20 Aprili

Shemeji wa Chini,

Natumai u mzima na kazini wanakuheshimu. Mimi nimefanya jambo ambalo sikudhani nitalifanya. Nimekwenda kwa daktari.

Nilikaa na barua yako siku tano. Kila nikiisoma nasema huyu bwana amenivunjia heshima. Siku ya sita niliagiza mkate dukani, nikagundua sauti yangu inakwaruza, ndiyo nikajua sijafungua mdomo tangu Jumapili. Nikachukua kofia.

Daktari ni kijana tu, anauliza huku anaandika. "Unaweza kuoga bila msaada?" Nikasema siwezi. "Kufunga vifungo?" Siwezi. Mikono hii, shemeji, iliyokuwa inakaza skrubu gizani kwa kupapasa! "Kupika?" Hilo halikuwa uongo sana. Mwisho akauliza, "Kuna mtu yeyote anakusaidia kwa sasa?" Nikasema hakuna. Akaacha kuandika, akaniangalia. Hilo nililisema kweli tupu.

Cheti kiko humu kwenye bahasha, usikikunje. Nakala moja imekwenda kwa Mama Muhuri. Kinadumu siku tisini tangu tarehe kumi na nane. Katikati ya hizo lazima uwe umeingia. Ukistaafu mwisho wa Juni una wiki mbili na ushee, zinatosha. Uliuliza uje? Njoo.

Wako,
Shemeji wa Juu


25 Julai

Shemeji,

Sijui nianze na salamu au nianze na ugomvi. U mzima? Nimekupigia simu mara nane, inaita mpaka inakata. Nimewapigia karakana, wakasema umeagwa vizuri, ulipewa saa ya ukutani na ulikula pilau. Kwa hiyo hujafa. Mtu aliyekufa hali pilau.

Ndege ya kutoka huko inatua Ijumaa. Ijumaa tatu nimekwenda uwanjani bila kuwa na uhakika wowote, nimesimama pale kwenye chuma cha kusubiria wageni nikiangalia watu wanavyotembea, nani anachechemea. Ijumaa ya tatu walinzi walikuwa wameshanizoea. Mwenye nyumba ananiuliza, "Mgeni wako vipi?" Namwambia yuko njiani. Chumba nimekifagia, shuka nimetandika, nimetandua, nimefua, nimetandika tena.

Siku tisini zimeisha tarehe kumi na saba. Na si hilo tu. Mama Muhuri ameniita. Kaniwekea karatasi mbili mbele yangu, ameziweka sambamba. "Mzee, hii ya Oktoba inasema unajimudu, ndiyo tukakupa visa ya mstaafu. Hii ya Aprili inasema hujimudu. Mwangalizi hakuja. Sasa wewe ni yupi?" Nimepewa mpaka Oktoba: ama nipimwe upya na daktari wao, ama niondoke. Nimejichafulia visa niliyokuwa nayo ili wewe upate yako, shemeji, na wewe hata mstari mmoja hujaniandikia.

Kama kuna tatizo niambie. Unaumwa? Nauli? Umeoa? Umeoa, wewe? Niambie chochote. Kukaa bila kujua ni kubaya kuliko habari mbaya yenyewe.

Shemeji wa Juu


12 Agosti

Kwako,

Salamu nimezipata zote, na za simu pia. Mimi ni mzima. Sijaoa.

Unajua kanuni yetu. Wewe ukiwa juu ya paa la lifti na mimi chini kwenye swichi, nikiuliza "Nipandishe?" lazima ujibu mara mbili. Ukijibu mara moja sigusi kitu, maana mara moja inaweza kuwa mwangwi, inaweza kuwa mtu mwingine ghorofani. Hivyo ndivyo tulivyostaafu na vidole vyetu vyote. Barua yako ya Aprili iliita mara moja, "Njoo" moja tu. Nikajiambia, kanuni ni kanuni, ngoja aite tena. Nikakiweka cheti juu ya kabati, nikangoja. Mei ikapita. Juni ikapita. Kila siku najiambia, hajaita mara ya pili.

Ilikuwa kisingizio. Uliita mara moja na mimi nikashukuru Mungu.

Sikutaka kuja. Hata nilipokuandikia "nije kwa hiyo ya mwangalizi?" nilichagua ile kwa makusudi, nikijua kiburi chako kitaikataa, tubaki tunataniana kwa barua na lawama iwe ya fomu. Ukanishangaza. Ulikwenda kwa daktari kweli. Siku ile cheti kilipofika nilikaa uani mpaka chai ikapoa.

Dada alizikwa Jumamosi. Wiki ya sita ulikuwa uwanja wa ndege na masanduku mawili, moja lako na moja lake. Uliniambia, "Nguo zilizobaki gawa." Nikagawa. Unajua maana yake? Viatu vyake vya kazini vilikuwa bado na umbo la miguu yake. Mwanamke aliyekuja kuvichukua alisimama mlangoni amenyoosha mikono, na mimi nimevishikilia, tukabaki tunavutana kama watoto mpaka akaniachia. Ninavyo mpaka leo. Nilikuwa na dada mmoja. Ulifiwa na mke, mimi nikafiwa na dada na wewe kwa mkupuo, ndani ya wiki sita.

Halafu barua zako. Visa hii, visa ile, grisi, Mama Muhuri. Hujauliza hata mara moja kama kaburi limejengwa. Unatafuta mtu wa kukaa naye huko. Mimi nilitaka mtu wa kukaa naye hapa.

Nimekuharibia visa yako, na kwa hilo nakuomba radhi, nilikukosea. La kuondoka kwako sijakusamehe. Nimeona bora nikwambie kuliko kuiacha simu iite.

Mdogo wa marehemu mkeo


30 Septemba

Shemeji,

Hujambo? Sikuiti wa Chini wala wa Juu leo. Naomba hili jina moja uniachie, hata kama Mama Muhuri amelifuta na wewe hukulisaini.

Wiki sita zimepita sijajibu. Nilianza barua, nikajitetea ukurasa mzima, nikachana. Nikaanza nyingine ya kukutukana, nikachana. Hii ya tatu haina utetezi. Nilikimbia. Ile nyumba kila ninapogeuka yuko: kwenye kile kiti, kwenye mlango wa jikoni, mkanda wangu unaruka vishikizo, najikuta nasimama mlangoni nangoja anirekebishe. Nikasema huku hajawahi kufika, kwa hiyo huku hatakuwepo. Kweli, hayupo. Nilichokuwa sijui ni kwamba kutokuwepo kwake huku ni kubaya zaidi, maana hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba alikuwepo. Wewe nilikuita kwa ajili hiyo. Sikutaka mwangalizi. Nilitaka mtu ambaye nikisema jina lake asiniulize "nani?".

Kaburi sikuuliza kwa sababu nilijua utanijibu.

Sanduku lake sijalifungua. Liko chini ya kitanda cha chumba cha pili, kitanda kile nilichokwambia ni chako. Ningekulazaje juu yake, hilo pia sikulifikiria.

Sasa ya visa. Nilikwenda kwa daktari wao. Nimepandishwa ngazi ghorofa tatu, nimeshushwa, nimefunga vifungo na kufungua, nimehesabu kinyumenyume kutoka mia, nimechemsha maji kwenye jiko lao huku mtu anaandika. Nimefaulu kila kitu. Daktari akasema wazee wangekuwa kama mimi asingekuwa na kazi. Mama Muhuri alisoma karatasi, akanipa miaka miwili badala ya mmoja, na akatabasamu, shemeji, ana mwanya. "Hongera, mzee. Hapa imeandikwa unaweza kuishi peke yako bila msaada wa mtu yeyote."

Nilitoka nikakaa kituoni. Basi langu likapita, na la pili, na la tatu. Nimeshika karatasi yenye muhuri wa serikali inayosema naweza kuishi peke yangu. Siwezi. Nimejaribu miaka miwili, siwezi.

Hawajanifukuza, ujue hilo. Nataka kurudi kwa kutaka kwangu. Sikuulizi kama umenisamehe, umeshaniambia bado. Nauliza kama naweza kurudi hivyo hivyo, hasira yako ikiwepo, tukakaa nayo humo ndani sisi watatu.

Shemeji yako, kama inaruhusiwa


17 Oktoba

Shemeji,

Barua imefika jana, imelowa kidogo pembeni ila inasomeka. Sijambo. Goti linauma, nilikudanganya.

Rudi. Hasira utaikuta, sijaitoa, na sitakuficha siku ikinipanda. Chumba chako nilimpangisha mwalimu mmoja mwezi wa tano, kwa hasira hiyo hiyo. Nimemwambia atafute pengine, anatoka mwisho wa mwezi. Ukiwahi kabla yake utalala kwenye kitanda changu, mimi nitalala chini, usianze ubishi wa magoti. Lile sanduku usilifungue huko. Lije lilivyo.

Kaburi halijajengwa. Mafundi wamekuja mara mbili nikawarudisha. Watu wanasema mimi ni bahili. Sikuwa na ubahili wowote, nilikuwa nasema mumewe atakuja achague jiwe mwenyewe, na kila mwaka naona haya kulisema zaidi ya mwaka uliopita. Pale sasa hivi kuna kibao tu, nakipaka rangi mvua zikiisha.

Niandikie Ijumaa gani, nitakuja uwanjani. Nyumbani hatuendi moja kwa moja. Tunaanza kwa dada. Mimi nitabaki getini na masanduku, wewe utaingia mwenyewe, ni safu ya tano kutoka ukutani, mkono wa kushoto. Kaa naye unavyotaka. Sitakuharakisha.

Shemeji yako